Edward Saidi Tingatinga: mwana wa Tunduru na maumbo machache yaliyozunguka dunia

Mwanafunzi anayejifunza kutengeneza programu za kompyuta ya mezani huanza michoro kwa mambo madogo sana. Anaambiwa achore mstari, kisha mstatili, kisha duara, kisha nukta. Wengi huona huo ni mchezo wa watoto wa chekechea. Hujiuliza maumbo hayo manne yatawafikisha wapi.

Jibu zuri la swali hilo limo katika maisha ya mtu wa mkoa wetu wa Ruvuma, aliyefariki miaka mingi kabla kompyuta hazijaingia katika ofisi na nyumba za Watanzania. Alianza kuchora akiwa mtu mzima. Hakusomea sanaa. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kama minne tu, lakini leo jina lake ndilo jina la mtindo wa uchoraji unaojulikana katika nchi nyingi. Huyo ni Edward Saidi Tingatinga.

Makala haya yanaeleza maisha yake, na pia yanaeleza kwa nini mtu anayetaka kuchora kwa kompyuta ana mengi ya kujifunza kutoka kwake.

Kuzaliwa Tunduru

Ukitoka Songea kwa barabara ya mashariki unapita Namtumbo, unafika Tunduru mjini, na ukiendelea kuelekea Masasi unakutana na Nakapanya. Ni upande huo, katika kijiji kilichoitwa Namochelia, ndiko alikozaliwa Edward. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1932. Nchi ilikuwa ikiitwa Tanganyika na ilikuwa chini ya Waingereza.

Kwa Kiswahili, tingatinga ni mashine: trekta au buldoza. Ndiyo maana ukiliandika neno hilo kwenye simu unaweza kuletewa picha ya trekta kabla hujaletewa mchoro. Kwake lilikuwa jina la ukoo. Majina yake mawili ya mwanzo, Edward la Kikristo na Saidi la Kiislamu, hayatamshangaza mtu wa kusini, ambako dini mbili katika ukoo mmoja ni jambo la kawaida.

Alisoma shule ya misheni kwa miaka michache tu. Kilichobaki alifundishwa na mazingira. Tunduru ni nchi ya wanyama. Hadi leo wakulima wa huko wanapambana na tembo wanaoingia mashambani. Mtoto aliyekulia pale hakuhitaji kitabu ili ajue chui anavyonyata au ndege anavyotua. Watafiti wengine wanakumbusha pia kwamba watu wa kusini walikuwa na desturi ya kuchora kuta za nyumba zao za udongo, na wanaona huenda mizizi ya kazi yake inaanzia hapo.

Manamba, mtunza bustani, kibarua

Katikati ya miaka ya 1950 kijana Edward aliondoka nyumbani kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Mkonge ulikuwa zao kubwa la biashara la Tanganyika, na mashamba yale yalivuta vijana wengi wa kusini. Waliitwa manamba. Wazee wengi wa mkoa huu wanalijua neno hilo, maana kila ukoo ulikuwa na mtu aliyekwenda.

Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka hiyo, alihamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi ya nyumbani na bustani kwa afisa wa Kiingereza. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 Waingereza wengi waliondoka, na watu waliowategemea kwa kazi wakalazimika kutafuta njia nyingine. Tingatinga alifanya vibarua, akauza mboga na matunda, akaishi kama wanavyoishi watu wengi wanaotoka vijijini kwenda mjini bila cheti mkononi.

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora. Inaelezwa kwamba aliona michoro ya wasanii kutoka Kongo ikiuzwa mjini na kununuliwa vizuri, akaona hata yeye anaweza kujaribu. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi.

Ubao wa mraba na rangi ya baiskeli

Hakuwa na pesa ya kununua turubai na rangi za mafuta zinazotumiwa na wachoraji waliosomea. Alinunua alichoweza katika maduka ya vifaa vya kawaida. Kwanza ni ubao mwembamba wa kiwandani, aina ya hadibodi inayotumika kwenye dari. Uliokatwa mraba ulikuwa na upande wa kama sentimita 60. Pili ni rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli.

Rangi ile ina tabia yake. Ni nzito, inang'aa, na haichanganyiki kwa upole kama rangi za mafuta za wachoraji. Ukipaka nyekundu inakuwa nyekundu kweli. Hivyo mchoro wake ulikuwa wa sehemu zilizojaa rangi moja moja, zenye ukingo unaoonekana wazi. Hakujisumbua na vivuli vya mbali na karibu.

Utaratibu wa kazi ulikuwa mfupi. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja ya nyuma. Juu yake akaweka umbo kubwa, mara nyingi mnyama mmoja: chui, tembo, swala, au ndege kwenye mti. Akalijaza rangi. Mwisho akaongeza vitu vidogo: jicho, mistari ya manyoya, madoa. Picha zake nyingi za mwanzo hazina vitu vingi kuliko hivyo.

Tuliangalie hilo kwa utulivu, maana hapo ndipo kompyuta inapokutana na mtu wa Nakapanya.

Kompyuta inavyochora chui

Skrini ya kompyuta ni kama karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba midogo, ila miraba yake ni midogo mno hivi kwamba jicho huona kila mmoja kama nukta. Kila nukta ina anwani yenye namba mbili. Namba ya kwanza inahesabu kutoka ukingo wa kushoto kwenda kulia. Namba ya pili inahesabu kutoka juu kwenda chini. Kona ya juu kushoto ndiyo sifuri na sifuri. Hapa wanafunzi wengi hukosea, kwa sababu kwenye grafu za shuleni namba hukua kwenda juu, wakati kwenye skrini hukua kwenda chini, kama msomaji anavyoshuka mistari ya ukurasa.

Sasa chukua ubao wa Tingatinga wa sentimita 60 kwa 60. Tuseme kila sentimita ni nukta 10. Tumepata eneo la nukta 600 kwa 600. Kompyuta haimjui chui. Inajua maumbo tu, na kila umbo lina namba zake. Mstari unahitaji anwani mbili: unapoanzia na unapoishia. Mstatili unahitaji anwani ya kona yake ya juu kushoto, kisha upana na urefu wa kwenda chini. Duara, na duaradufu, yaani duara lililolala kama yai, katika programu nyingi za kompyuta za mezani hutolewa kwa kutaja mstatili usioonekana ambamo umbo hilo linaingia kikamilifu.

Chui wetu atachorwa hivi. Kwanza mstatili wa eneo lote, unaoanza sifuri na sifuri, upana 600, urefu 600, rangi ya njano. Huo ni ule mpako wa nyuma. Kisha ardhi: mstatili unaoanza 0 na 460, upana 600, urefu 140, rangi ya kahawia. Kisha miguu minne: mistatili yenye upana wa nukta 30 na urefu wa 150, yote ikianza nukta 310 kutoka juu. Wa kwanza uko nukta 180 kutoka kushoto, wa pili 240, wa tatu 340, wa nne 400. Nyayo zitagusa ardhi kwenye 460 sawasawa. Kisha mkia: mstari mnene kutoka 155 na 280 hadi 80 na 200. Kisha mwili: duaradufu ndani ya mstatili unaoanza 150 na 220, upana 300, urefu 140. Kisha kichwa: duara linaloanza 410 na 190, upana 100, urefu 100. Mwisho jicho na madoa: duara dogo dogo zenye upana wa nukta 12.

Madoa hayaandikwi moja moja. Mtengeneza programu anaiambia kompyuta irudie agizo la duara dogo mara 40, kila mara kwenye anwani nyingine ndani ya mwili. Mchoraji naye anarudia hivyo hivyo: mkono unainuka, unashuka, unaacha doa, hadi mwili wa chui utimie.

Zingatia mpangilio. Miguu imetangulia mwili, ili sehemu ya juu ya miguu ifunikwe na mwili na chui aonekane kiumbe kimoja. Madoa yamekuja mwisho. Ukiyachora kabla ya mwili, mwili utayafunika yote na utabaki na mnyama asiyejulikana. Cha nyuma kwanza, cha mbele baadaye. Wataalamu wa michoro ya kompyuta waliupa utaratibu huu jina la mchoraji, kwa kuwa waliuona kwa wachoraji kwanza. Hata zana zenyewe walizipa majina ya karakana: katika mifumo mingi chombo cha kuweka ukingo wa umbo huitwa kalamu, na chombo cha kujaza rangi ndani huitwa brashi. Tingatinga alivijua vyote viwili kwa mikono.

Kutoka barazani hadi kwa wanafunzi

Kazi zake ziliuzwa Msasani, nje ya Morogoro Stores, karibu na Oysterbay. Pale walipita wageni wengi, mabalozi na watu waliokuwa nchini kwa kazi mbalimbali. Walizipenda zile picha ndogo za kung'aa zinazoingia kwenye sanduku la safari. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulikia sanaa nayo ilianza kununua kazi zake.

Hata hivyo hakuiamini brashi peke yake. Alipata ajira ya kazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili, akawa anachora muda uliobaki. Alikuwa na mke na watoto, na mtu mwenye familia mjini anajua thamani ya mshahara wa mwisho wa mwezi.

Wateja walipoongezeka aliwaita vijana wamsaidie. Wengi walikuwa ndugu zake au watu wa kwao kusini. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah Mtalia. Hawakukaa darasani. Walikaa naye, wakaona anavyoanza na anavyomaliza, wakashika brashi. Kwa kuwa utaratibu ulikuwa na hatua chache zinazoeleweka, kijana mwenye bidii aliweza kuushika kwa muda mfupi na kuanza kuleta pesa nyumbani.

Risasi ya mwaka 1972

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, Edward Saidi Tingatinga alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam. Askari walimdhania kuwa mhalifu anayetoroka. Hakuwa mhalifu. Alikufa kwa kosa la watu wengine, akiwa ndiyo kwanza ameanza kuonja matunda ya kazi yake.

Miaka minne si muda mrefu. Ni sawa na kidato cha kwanza hadi cha nne. Wachoraji wengi wakifa mapema hivyo, kazi yao huisha siku ile ile. Kwa nini yake haikuisha?

Turudi kwenye kompyuta kidogo. Programu inapochora chui kwenye dirisha, kisha wewe ukafunga dirisha au ukabadili ukubwa wake, yule chui hupotea. Dirisha likirudi, programu huanza upya: mpako wa nyuma, ardhi, miguu, mwili, kichwa, madoa. Kilichohifadhiwa ndani ya programu ni maagizo na mpangilio wake, na chui anaweza kuzaliwa mara elfu moja kutoka hapo.

Tingatinga aliacha mbao chache, lakini pia aliacha maagizo ndani ya vichwa vya wanafunzi wake. Alipoondoka, wao walijua kinachotangulia na kinachofuata. Siku chache baada ya msiba picha ziliweza kutoka tena, kwa mikono mingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtindo wake kuishi.

Mtindo unakua, mwenyewe hayupo

Wanafunzi wake na waliokuja baada yao waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha sanaa chenye jina la Tingatinga. Waliongeza mengi. Badala ya mnyama mmoja kwenye rangi tupu, wengine walijaza ubao wote ndege, samaki, soko, hospitali, daladala na watu. Simon Mpata alikwenda Nairobi na kazi yake ikajulikana hadi Japani.

Kuanzia mwaka 2010 watoto wa Uingereza na nchi nyingine waliona kwenye televisheni katuni zinazoitwa Tinga Tinga Tales, zinazosimulia hadithi za wanyama wa Afrika. Zilitengenezwa kwa kompyuta jijini Nairobi, kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza. Tembo na kasa wa katuni zile wana madoa, mistari na rangi za kung'aa. Maumbo yaliyoanza kwa rangi ya baiskeli Msasani yalikuwa yameingia ndani ya skrini.

Hapa ndipo penye uchungu. Kitu kinachofundishika kwa urahisi kinaigika kwa urahisi pia. Leo michoro ya Tingatinga inauzwa kwenye fukwe, viwanja vya ndege na mitandaoni. Baadhi ya wachoraji wanaishi kwa kazi hiyo, wengine wanauza kwa bei ndogo kwa wachuuzi wanaopata faida mara nyingi zaidi. Mbao chache alizochora mwenyewe sasa hununuliwa kwa bei kubwa katika minada ya ng'ambo, bei ambayo yeye hakuiona hata siku moja.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda mchoro, na inalinda pia programu ya kompyuta. Haimruhusu mtu kuchukua picha yako ileile na kuiuza kama yake. Lakini haimzuii mtu kuchora chui wake kwa duara na nukta. Wazo na mtindo havina mwenyewe mbele ya sheria. Kwa hiyo anayechora, kwa brashi au kwa kompyuta, anapaswa kutunza mambo mawili: kuweka jina lake kwenye kila kazi, na kutunza kazi ya awali pamoja na tarehe yake. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo inayosajili kazi za wasanii na za watengeneza programu.

Kijana wa Ruvuma anaweza kuanzia wapi

Katika mkoa wetu wapo vijana wanaosoma kompyuta shuleni na vyuoni, na wapo wengi zaidi ambao kompyuta wanaiona kwa zamu, saa moja kwa wiki. Tingatinga hakungoja turubai. Alianza na ubao wa dari. Vivyo hivyo, chui tuliyemchora hapo juu anaweza kuanza kwenye daftari la hesabu. Hesabu miraba, andika anwani ya kila umbo, panga lipi litangulie. Ukishika mpangilio huo kwenye karatasi, kazi ya kompyuta itakuwa kuyaandika tu.

Siku ukipata kompyuta, lugha ya Python hupatikana bure, na huja na zana za kufungua dirisha na kuchora mistari, mistatili na duara bila kununua chochote. Kompyuta ya zamani inatosha kabisa. Badilisha namba moja, uone mguu unavyosogea. Weka madoa kabla ya mwili kwa makusudi, uone yanavyopotea. Kisha acha chui, uchore unachokijua wewe: mkorosho, ghala la mahindi, pikipiki iliyobeba magunia, Mto Ruvuma wakati wa kiangazi.

Na ukimaliza, mfundishe mwenzako hatua zako moja baada ya nyingine, kisha andika jina lako kwenye kona ya chini.